Kwenda kuvua trauti kwa flai kwenye ziwa la kupandikizwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali watu wanauliza sana kabla ya kwenda kuvua trauti, samaki anayependa maji ya ubaridi, kwa flai, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoano, pamoja na machache ambayo hayaulizwi ila yangeokoa siku ya mtu. Penye mengi nimeeleza kwa urefu, pasipo na mengi nimepita. Kama muda wako ni mdogo soma la kuangalia maji na la kumwachia samaki, hayo mawili ndo yamebeba mengine.

Ziwa la kupandikizwa ndo lipi, na kwa nini lipandikizwe?

Trauti anataga kwenye maji yanayotiririka, juu ya changarawe safi, ili mayai yapitiwe na oksijeni muda wote. Maziwa mengi ya kuvulia, hasa yale madogo ya kuchimbwa, hayana mto wa namna hiyo, kwa hiyo samaki ataishi, atakula, atanenepa, ila hazai, ukitoa mmoja amepungua mmoja. Ndo maana mwenye ziwa analeta wengine kutoka mabwawa ya kufugia, na maziwa mengine wanaleta kila wiki msimu ukichangamka.

Anayepandikizwa zaidi ni trauti wa upinde wa mvua, yule mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, asili yake mito inayomwaga Bahari ya Pasifiki upande wa Marekani Kaskazini na kule Kamchatka, Urusi. Anakua haraka na anavumilia kufugwa. Yupo pia trauti kahawia wa Ulaya, mwenye madoa meusi na mekundu, huyu mara nyingi anakaa chini zaidi, ana woga, na anaishi miaka mingi. Siku hizi wengi wanaopandikizwa ni tasa kwa makusudi: mayai yakisharutubishwa tu yanabanwa kwa presha au yanapashwa joto kwa muda mfupi, samaki anatoka na seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Hazai, chakula chake kinaenda kwenye mwili badala ya mayai, na hata akitoroka akaingia mtoni hawezi kuchanganya uzao na trauti wa asili.

Samaki wameletwa na lori, si ni kuokota tu?

Hapana, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu linafanya watu waje hawajajiandaa alafu waondoke wanalaumu ziwa. Samaki aliyeshushwa jana bado anatembea na kundi, amezoea chakula cha punje kinachodondoka kutoka juu, atakimbiza karibu chochote kinachong'aa na kutembea. Huyo kweli ni rahisi. Lakini mpe siku chache, ameshaona flai za rangi zote zikipita mbele yake, pengine ameshanaswa na kuachiwa, ameshagundua kuna wadudu wa kutosha humu, anaanza kuchagua. Anaifuata flai mpaka imebaki sentimita chache, anageuka, anaondoka taratibu, na kama maji ni maangavu unamwona kabisa akifanya hivyo.

Afu samaki wa ziwani hakai sehemu moja kama wa mtoni anayesubiri mkondo umletee chakula. Huyu ndo anatembea kutafuta. Kwa hiyo nusu nzima ya kazi ni kujua wanapita wapi leo na wanapita kina gani, na hilo hakuna lori linalokuletea.

Nibebe vifaa gani?

Usinunue vitu vingi. Fimbo ya futi 9 hadi 10, yaani kama mita 2.7 mpaka 3, ya namba 6 au 7, inatosha karibu kila ziwa la aina hii. Ile namba ni uzito wa laini ambayo fimbo imetengenezewa, kwa hiyo hakikisha namba ya fimbo na ya laini zinalingana, la sivyo utahangaika kurusha na utadhani tatizo ni mkono wako. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia laini, iwe na breki inayoachia laini vizuri bila kushtukashtuka, maana trauti mkubwa akikimbia mara ya kwanza hapo ndo wengi wanakatikiwa.

Laini ya kuelea ndo ya kuanzia. Ya pili ukiwa na uwezo iwe inayozama polepole, sentimita chache kwa sekunde, na hizo mbili zitakufaa karibu mwaka mzima. Mbele ya laini unafunga uzi mwembamba usioonekana vizuri majini, mita 3.5 hadi 5 hivi, kipande cha mwisho kiwe cha nguvu ya ratili 6 hadi 8, kama kilo 3 na kidogo. Watu wanapenda kushuka chini ya hapo wakidhani samaki hataona uzi, na ni kweli uzi mwembamba unakubaliwa zaidi kidogo, ila ukikatika samaki anaondoka na ndoano mdomoni, na hata usipokatika unalazimika kuvutana naye muda mrefu mpaka anaishiwa kabisa. Kwenye maji ya kumwachia samaki, ambako unayemnasa unamrudisha akiwa hai, hiyo si sawa. Na fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, likikazwa kavu linajichoma kwa msuguano na linakuwa dhaifu.

Vingine: wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira zisizo na mafundo, koleo ndogo nyembamba ya kutolea ndoano, mkasi mdogo, miwani, kofia, koti la mvua. Wavu si hiari, maziwa mengi hawakuruhusu uanze kuvua bila wavu.

Flai gani zinafaa?

Gawa kichwani makundi mawili, za kuchokoza na za kuiga. Za kuchokoza zina manyoya mengi na rangi kali, chungwa, kijani cha kung'aa, nyeupe, unazivuta haraka na samaki anazifuata kwa hasira au udadisi. Hizo ni za samaki wapya na za maji yenye tope. Za kuiga zinafanana na chakula chake, na hapa inabidi ujue chakula chenyewe.

Kwenye maziwa mengi chakula kikubwa ni usubi wa majini, wale wadudu kama mbu ambao hawaumi. Buu wake anaishi kwenye tope la chini, mara nyingi mwekundu, baadaye anageuka pupa na kupanda kuelekea juu polepole sana, anasimama, anapanda tena, mpaka afike juu apasuke atoke na mabawa. Katika ile safari ya kupanda hana pa kujificha wala mbio, na trauti anapita akiwameza mmoja mmoja bila haraka yoyote. Flai yake ni ndogo, nyembamba, imezungushiwa uzi tu na mstari wa waya, ukiiona dukani utasema haina kitu, ila ndo inayolisha ziwa zima.

Baada ya hapo kuna mtoto wa kereng'ende mwembamba, anaogelea kwa kutikisa mwili huku na huku akielekea kwenye majani ya ukingoni, kuna uduvi wa maji baridi, konokono, na vifaranga vya samaki wengine majira ya joto yakielekea mwisho. Ukiniambia nichague tatu tu nitachukua nyeusi nyembamba ya usubi ya ndoano namba 12, ya kijani cha zeituni yenye mkia laini ya ndoano namba 10, na moja ya rangi kali. Ukikwama funga nyeusi.

Msimu gani na saa ngapi?

Usiangalie kalenda, angalia joto la maji. Trauti anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Chini ya hapo bado anakula ila mwili unaenda polepole, kwa hiyo na flai nayo iende polepole. Juu ya nyuzi 20 anaanza kuteseka, kwa sababu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo wakati mwili wake ndo unadai zaidi: lita moja ya maji ya nyuzi 10 inaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni, ya nyuzi 20 kama 9 tu. Kipimajoto kidogo cha kufunga kamba ni kitu cha bei ndogo na kitakusaidia kuliko flai nyingi za ziada.

Majira ya baridi saa za katikati ya mchana ndo nzuri, jua likishapasha maji kidogo. Majira ya joto nenda alfajiri au jioni. Siku za mawingu na upepo mdogo wa kukwaruza maji zinazidi siku za jua kali na maji yaliyotulia, kwa sababu maji yakitulia samaki anaona kila kitu na anajua anaonekana.

Maji yakishavuka nyuzi 20 kama ziwa ni la kumwachia samaki, mimi nasema usivue. Hata kama lango liko wazi.

Nimefika, nianzie wapi?

Usifunge flai kwanza. Najua hamu, watu wanashuka kwenye gari tayari fimbo imeunganishwa, ila kaa dakika kumi mbali kidogo na maji uangalie.

Angalia upepo unasukuma upande gani. Upepo unasukuma wadudu waliokufa na wanaoelea, na unasukuma pia maji ya juu yenye joto, kwa hiyo upande unaopigwa na mawimbi mara nyingi ndo wenye chakula, japo kurusha hapo ni kazi na wavuvi wengi wanaukwepa. Ukiona mstari wa povu umejichora katikati ya ziwa, huo mstari unakusanya kila kilichoelea, na samaki wanaupita kama watu wanavyopita barabarani. Angalia mbayuwayu: wakiruka chini wakigusagusa maji, wanakula usubi unaotoka, na chini yao trauti naye anafanya hivyohivyo. Angalia kwenye utando wa buibui pale kwenye matete au kwenye reli ya jukwaa, utakuta wadudu waliotoka usiku wamenasa, unaona rangi yao na ukubwa wao, unalinganisha na kisanduku chako.

Sasa maji yenyewe. Penye mfereji unaoingia kuna oksijeni na ubaridi. Penye ukingo wa majani ya majini kuna wadudu na kuna kivuli. Kona ya ukuta wa bwawa ni kina kirefu, pazuri jua likiwa kali. Ukiona maji yanabadilika rangi kutoka kahawia kwenda kijani kizito, hapo sakafu inashuka, na samaki wanapenda kutembea kwenye huo mteremko kwa sababu wanakula juu na kukimbilia chini.

Na karibu kabisa na miguu yako. Hili watu hawaamini. Asubuhi kabla kelele hazijaanza trauti wanatembea mita moja mbili kutoka ukingoni, wanakula uduvi na konokono, na mvuvi anakuja anasimama wima hapohapo anarusha mita 20 mbele, ameshawafukuza wote kabla hajaanza. Samaki anaona ulimwengu wa nje kupitia duara juu yake, pembe ya kama digrii 97, nje ya duara hilo anaona tu sakafu ikijirudia kwenye uso wa maji. Maana yake mtu aliyeinama, aliyesimama nyuma kidogo, anapotea kwenye ukingo wa duara, na mtu aliyesimama wima amevaa nguo nyeupe yuko wazi. Kwa hiyo simama nyuma, inama, rusha fupi kwanza, sambamba na ukingo, alafu ndo uongeze urefu kidogokidogo ukigeuza mwelekeo kidogo kila unaporusha.

Kina kitafute kwa kuhesabu. Flai ikigusa maji hesabu tano ndo uanze kuvuta, mara inayofuata kumi, inayofuata kumi na tano. Ukiguswa kumbuka namba, rudia namba hiyohiyo. Watu wanabadilisha flai mara nyingi sana wakati flai haina kosa, iko tu mita moja juu ya samaki au mita moja chini. Na robo saa ikipita bila dalili yoyote, hama. Ziwa limezungukwa na ukingo wote ule, hakuna sababu ya kusimama sehemu moja toka asubuhi eti kwa sababu begi limeshawekwa chini.

Nawaona wanavunja maji kila mahali ila hawachukui, kwa nini?

Angalia wanavyovunja. Kikitoka kichwa, mgongo, mkia, taratibu, na hakuna kipovu kilichobaki, anakula pupa walio chini kidogo ya uso wa maji, si wadudu walio juu. Weka flai ndogo ya usubi ikining'inia sentimita chache chini, na usivute, acha upepo uburute laini ikijikunja, wewe kusanya tu ulegevu. Angalia pale laini inapoingia majini: ikinyooka hata kidogo au ikisita, inua fimbo. Hutahisi kitu mkononi mara nyingi, utaona tu.

Akiacha kipovu juu ya maji amemeza kitu kilichokaa juu, hapo ndo flai ya kuelea. Akirusha maji kwa nguvu na samaki wadogo wanatawanyika, anawinda vifaranga. Na wale wanaoruka mzima juu ya maji na kuanguka kwa kishindo, hao mara nyingi hawali, usipoteze muda nao.

Wanagonga ila hawanasi?

Mara nyingi unavuta haraka mno, au fimbo umeinyanyua juu. Shusha ncha ya fimbo mpaka karibu iguse maji, ielekeze ilipo flai, ili kati yako na samaki pasiwe na ulegevu. Akigonga usinyanyue fimbo kwa hasira, endelea kuvuta kwa mkono mpaka uhisi uzito, hapo ndo uinue. Na kagua ncha ya ndoano, iburuze kwenye kucha, ikiteleza imeshakuwa butu.

Sijui kurusha, niende tu?

Nenda, ila jifunze kidogo kwenye nyasi kwanza, funga kipande cha sufi badala ya flai. Kinachowashinda wengi ni kutosubiri: laini inakwenda nyuma, lazima inyooke, ndo uilete mbele, na wao wanaileta ikiwa bado imejikunja. Geuza kichwa uitazame ikinyooka, hakuna aibu. Fimbo isimame ghafla mbele na nyuma, isilale chini kama mtu anafagia dari. Jifunze pia kurusha kwa kuviringisha, ambako laini hairudi nyuma kabisa, kwa sababu maziwa mengi yana miti nyuma ya mvuvi. Mita 10 safi zinavua samaki. Mwalimu wa saa moja anaokoa miezi ya kuhangaika peke yako, na maziwa mengi wana mwalimu, uliza unapoweka nafasi.

Tiketi zinafanyaje kazi?

Kila ziwa lina mpango wake, soma kabla. Kwa kawaida kuna tiketi ya kuchukua, unaruhusiwa samaki wawili, watatu, wanne, ukifikisha idadi unaacha kuvua au unaendelea kwa tiketi ya kuachia. Kuna tiketi ya kuachia tu. Na kuna maziwa ambayo hawaruhusu kuachia kabisa, kila unayemnasa ni wako na anahesabiwa. Nchi nyingi pia zinataka leseni ya serikali tofauti na tiketi ya ziwa. Angalia vilevile kama ndoano lazima iwe isiyo na kijino (kile kimwiba karibu na ncha kinachoizuia kuchomoka), flai ngapi kwa laini moja, ukubwa wa mwisho wa ndoano, na kama zile flai zenye macho ya povu yanayoelea zinakubaliwa, kwingine zinakatazwa kwa sababu samaki anazimeza ndani sana.

Jaza ile karatasi ya kuandika ulichovua hata kama ni sifuri. Mwenye ziwa anaitumia kuamua alete samaki wangapi.

Nimwachieje bila kumuua?

Hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu samaki anaweza kuondoka anaogelea vizuri mbele ya macho yako akafa baada ya saa chache, wewe huko umeshaamini umemwachia.

Inaanzia kwenye kupambana naye. Usimwache akimbie dakika nyingi kwa raha ya kusikia rili. Elekeza fimbo ubavuni, kinyume na anakoelekea, hiyo inamchosha haraka kuliko fimbo iliyosimama juu. Wavu uwe umeshazama majini tayari, mlete samaki juu ya wavu kisha inua wavu, usimkimbize nao.

Akiwa ndani ya wavu abaki majini. Lowanisha mikono, maana mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga na maradhi. Shika ndoano kwa koleo, sukuma nyuma ilikotoka, na kama kile kijino umekibana kabla hujaanza kuvua inatoka mara moja na mara nyingi hata humgusi samaki. Usimbane tumbo, usiingize vidole kwenye matamvua. Kama amemeza ndani sana na ziwa linakuruhusu kumchukua, mchukue, kama haliruhusu kata uzi karibu na mdomo.

Picha: kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 1992, trauti wa upinde wa mvua walikimbizwa mpaka wakachoka kama walionaswa. Waliobaki majini walipona asilimia 88. Waliotolewa hewani sekunde 30 baada ya kuchoka walipona 62. Waliokaa hewani dakika nzima walipona 28. Dakika moja ndo ule muda wa kutafuta simu, kufuta kioo, kumwambia mwenzio asogee. Kwa hiyo simu iandaliwe kabla, samaki anainuliwa maji yakiwa bado yanadondoka, picha moja, anarudi. Au mpige picha akiwa kwenye wavu majini, zinatoka nzuri kuliko za kumkumbatia.

Kumrudisha, mshike wima kwa upole, kichwa kielekee kwenye mawimbi, mpaka mwenyewe atikise mkia aondoke. Usimsukume mbele na nyuma kwa nguvu, na usimtupe. Akilala ubavu mshike tena, hata kama wenzio wanavua na wewe umepiga magoti kwenye tope dakika tano.

Na nikimchukua?

Muue hapohapo kabla hata hujatoa ndoano, pigo moja mbili za nguvu juu ya kichwa nyuma kidogo ya macho kwa kirungu kidogo cha kazi hiyo, usimwache apigepige nyasi. Kisha mweke kwenye mfuko wa kitambaa ulioloweshwa unaopitisha hewa, kivulini, au kwenye boksi la barafu. Mfuko wa plastiki juani unaharibu nyama kabla ya mchana.

Ukishamuua chukua kijiko chembamba kirefu, kiingize mdomoni mpaka tumboni, kizungushe, utoe kilichomo uweke kwenye kisahani chenye maji. Vile vitu vinatawanyika na unaona chakula cha asubuhi hiyo kimoja kimoja: pupa weusi wenye mashada meupe kichwani, pengine mmoja wawili bado wanajinyonga, konokono, vijani, wakati mwingine punje za kufugia, huyo basi ni mgeni wa juzi. Funga flai inayofanana na wale walio hai, ndo aliokula mwisho.

Kama nyama ina ladha ya udongo, kinachosababisha ni jeosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa kijani-buluu kwenye maji ya joto. Haidhuru afya, na maji yakipoa mara nyingi inapungua.

Boti au ukingoni?

Mara ya kwanza ukingoni. Boti ni nzuri ziwa likiwa kubwa na samaki wako mbali, ila unahitaji mtu anayejua upepo. Kwenye boti jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi kama mto, na mnarusha mmeketi, mmoja mmoja, si wote kwa pamoja.

Kuna hatari gani?

Miwani na kofia muda wote, hata jioni, ndoano inapita karibu na jicho kwa kasi kubwa. Kama unarusha kwa mkono wa kulia chagua upepo unaotoka kushoto, unasukuma laini mbali na uso wako. Fimbo za kaboni zinapitisha umeme, kwa hiyo usirushe karibu na nyaya za umeme wala usitembee chini yake fimbo ikiwa imesimama, na ukisikia radi lete fimbo chini uondoke majini mara moja. Usiingie kwenye maji usiyoyaona sakafu yake.

Watoto wanaruhusiwa?

Maziwa mengi ndiyo, na mtu mzima. Wape fimbo fupi nyepesi, ndoano zisizo na kijino, na waruhusu wachoke. Saa mbili zinawatosha.

Adabu za ukingoni?

Usisimame ambapo laini yako inaweza kufika kwa mwenzio, ukitaka kukaa karibu muulize kwanza. Aliyekamata samaki apewe nafasi, vuta laini yako. Pita nyuma ya watu mbali na maji, ukisalimia. Na kila kipande cha uzi kinaondoka na wewe mfukoni, hata sentimita tano, kwa sababu ndege wanafungwa miguu nao mpaka inakatika.

Nikirudi nyumbani vifaa nivifanye nini?

Kagua, osha, kausha. Wavu, buti, nanga, hata mfuko wa samaki. Mwani, kome wadogo wageni na vimelea vya magonjwa ya samaki vinasafiri kwenye unyevunyevu kutoka ziwa moja mpaka lingine, na vikishaingia havitoki. New Zealand walipiga marufuku buti zenye soli za sufi nzito mwaka 2008 kwa sababu soli hizo hazikauki haraka. Kama kesho unaenda ziwa lingine na wavu bado una maji, tumia wavu wa ziwa hilo, wengi wanao wa kuazima getini.